Kabla Mai Mahiu Haijawa Teesside

Ukikaa Uingereza muda mrefu, jamaa zako wa Nakuru wanakugeuza shahidi wa kila kitu. Barabara ikibomoka kabla haijazoeleka, unaulizwa huko zinajengwaje. Gavana akiguswa kwenye ripoti ya ukaguzi, unaulizwa huko wanafungwa miaka mingapi. Shemeji yangu anauza chai na chapati Mai Mahiu, pale madereva wa malori wanapopumzika kabla ya kupanda mlima wa kuelekea Limuru. Yeye aliniuliza swali la maana kuliko wote: "Shem, hili eneo maalum la viwanda hapa kwetu, sisi tunasikia tu mwekezaji amepewa, mwekezaji amepewa. Huko kwenu ni nani huwauliza hawa watu?"

Hapo alimpata mwenyewe. Naishi Middlesbrough, kaskazini mashariki mwa Uingereza, na bandari huru ya Teesside ni jirani yangu. Jibu langu ni kwamba hata huku wanaulizwa, ila wanaulizwa wakiwa wameshakula.

Kwa asiyeijua, bandari huru ni eneo ambalo bidhaa huingia bila kulipiwa ushuru wa forodha mpaka zitakapotolewa kwenda kwenye soko la nchi, na kampuni zilizomo hupunguziwa kodi za aina aina. Uingereza ilikuwa nazo kuanzia 1984, ikaziacha zikafa 2012. Kisha Machi 2021, Rishi Sunak, wakati huo akiwa waziri wa fedha, akatangaza nane mpya za England, Teesside ikiwemo.

Mambo ya Teesside ukiyafuata sana utakuta ni mambo ya ardhi, kama kwetu. Kiwanda cha chuma cha Redcar kilifungwa 2015, watu kwa maelfu wakabaki bila kazi, na uwanja wa ekari kama 4,500 ukabaki kando ya mto Tees, umejaa vyuma na uchafu wa miaka mingi. Mwaka 2017 likaundwa shirika la umma la kuusafisha na kuuendeleza, chini ya meya wa eneo, Ben Houchen. Shirika likaingia ubia na wafanyabiashara binafsi katika kampuni ya Teesworks, nusu kwa nusu. Mwaka 2021 sehemu ya wale wafanyabiashara ikapanda hadi asilimia 90. Zabuni ya wazi haikuwepo. Umma, ambao pesa zake ndizo zinasafisha ardhi, ukabaki na asilimia 10.

Wabunge wa upinzani walipiga kelele wakitaka Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi iingie ichunguze. Waziri Michael Gove akakataa, akateua jopo lake. Ripoti ilitoka Januari 2024. Ilisema haikuona ushahidi wa ufisadi wala uvunjaji wa sheria, na ni haki kuyasema hayo waziwazi. Lakini ilisema pia kwamba maamuzi makubwa yalibaki mikononi mwa watu wachache, kwamba uwazi ulipungua, na kwamba jopo halikuweza kuthibitisha kuwa umma umepata thamani ya pesa zake. Likatoa mapendekezo 28. Hisa zilikuwa zimeshahama zaidi ya miaka miwili.

Sasa nisije nikaonekana nawaponda wenyeji wangu. Kuna mambo huku natamani tungekuwa nayo. Nikiwa kwenye basi naweza kufungua simu, nikaingia kwenye sajili ya kampuni ya serikali, nikasoma wakurugenzi wa kampuni ni akina nani, wenye hisa kubwa ni akina nani, na hesabu za mwaka jana zikoje, bila kulipa hata peni. Kenya tuna sajili ya wamiliki halisi wa kampuni tangu 2020, lakini wewe na mimi haturuhusiwi kuichungulia. Ni ya vyombo vya serikali. Tena kila mwaka, kwa siku 30 za kazi, sheria ya England ya 2014 inampa mkazi nafasi ya kwenda kukagua vitabu vya hesabu vya mamlaka yake ya mtaa, pamoja na mikataba na risiti zinazohusika. Haombi fadhila kwa mtu.

Na kura. Mimi ni Mkenya mwenye pasipoti ya Kenya, lakini kwa kuwa nchi yetu iko Jumuiya ya Madola nimeandikishwa huku, na meya wa Tees Valley namchagua au namkataa kama mzawa yeyote. Nakuru nilikozaliwa, ninakotuma pesa kila mwezi, siwezi kumpigia kura gavana wala MCA, yaani mwakilishi wa wadi, nikiwa huku. Ninaruhusiwa rais tu.

Lakini sifa za huku zina mwisho, na shemeji yangu ausikilize vizuri mwisho wenyewe. Sheria ya Uingereza ya kuomba habari inaibana kampuni ikiwa tu inamilikiwa na umma kikamilifu. Wakiingia watu binafsi, hata kwa nusu tu, kampuni yenyewe haiwajibiki kukujibu. Unabaki kuliandikia lile shirika la umma na kungoja likuambie linachotaka. Kwa hiyo ardhi ya umma ikiingizwa katika kampuni ya ubia, na habari zake huifuata humo humo.

Nilipokwenda kuisoma sheria yetu ya mwaka 2016 ya kupata habari, nilishangaa. Yetu inafika mbali zaidi. Inaihesabu hata kampuni binafsi ikiwa inapokea rasilimali au manufaa ya umma, ikiwa inatumia pesa za umma, au ikiwa inatoa huduma za umma. Nyuma yake kuna kifungu cha 35 cha Katiba. Kwenye karatasi, muuza chai wa Mai Mahiu ana mkono mrefu kuliko mimi niliyeko Middlesbrough.

Na mwekezaji wa eneo maalum la kiuchumi anapokea manufaa ya umma, tena si haba. Chini ya utaratibu uliofuata sheria ya 2015, anatozwa kodi ya mapato ya asilimia 10 kwa miaka kumi ya kwanza na asilimia 15 kwa kumi inayofuata, wakati kampuni ya kawaida pale mjini Nakuru inatozwa 30. Watu wetu wanaona pesa ya umma ni ile inayotoka kwenye bajeti tu. Kodi usiyotozwa ni pesa ya umma vilevile, isipokuwa hii haipiti bungeni kila Juni ikajadiliwa. Hata kutangaza eneo lenyewe ni kazi ya waziri: mamlaka husika inapendekeza, waziri anashauriana na mwenzake wa fedha, tangazo linatoka kwenye Gazeti Rasmi la Serikali. Ni nani anasoma Gazeti Rasmi kibandani?

Mai Mahiu tayari tumeona mambo yanavyokwenda. Reli ya SGR ilifika huko Oktoba 2019 na kukomea Suswa, wenye kejeli wakasema imeishia porini. Juni 2020 serikali ikaagiza mizigo inayovuka kwenda nchi jirani ishughulikiwe bandari kavu ya Naivasha, na wenye malori Mombasa wakalalamika wameuawa kibiashara. Ekari 1,000 za viwanda zikatajwa, umeme wa bei nafuu kutoka Olkaria ukaahidiwa. Yote ni mipango mizuri, na sijaipinga. Lakini mikataba ya reli yenyewe ilifichwa kwa miaka. Mwanaharakati Okiya Omtatah na wenzake walisema tangu mwanzo kwamba ununuzi ulikiuka sheria, na Juni 2020 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nao, reli ikiwa imeshajengwa na mkopo umeshachukuliwa, ingawa Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo 2023. Sehemu ya mikataba ilitolewa hadharani Novemba 2022, baada ya kesi nyingine. Hapo Teesside na sisi ni ndugu.

Ndiyo maana sina subira na hii mikutano ya maoni ya umma inavyoendeshwa. Shemeji alihudhuria mmoja. Daftari la mahudhurio lilizunguka kabla ya maelezo kuanza, kila mtu akaandika jina, nambari ya kitambulisho na sahihi. Ramani ilikuwa moja, imeshikwa na kijana mbele kabisa, na waliokaa nyuma waliona karatasi nyeupe tu. Soda zilipofika, mkutano ukaisha. Zile sahihi sasa ziko kwenye faili mahali fulani, zinathibitisha kwamba wananchi walishirikishwa.

Basi tumeandika barua, yeye na mimi, kwa jina lake. Hatujauliza kama kuna ufisadi. Swali hilo halina jibu zaidi ya "hapana". Tumeomba orodha ya kampuni zilizopewa leseni ndani ya eneo hilo na wamiliki wake, mkataba wa kukodisha ardhi na muda wake, kodi iliyosamehewa kila mwaka, na ajira zilizoahidiwa kando ya zilizokwisha kutolewa. Sheria inawapa siku 21 kujibu. Wakikaa kimya, tutapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Shemeji ametoa nakala kadhaa na kuziweka kibandani chini ya sahani ya mandazi, dereva yeyote au jirani anayetaka kuandika yake abadilishe jina tu.