Tenda za serikali kwa wanawake na wachache: tunagombania asilimia, shida iko kwenye malipo

Ukitaka kuwasha moto kati ya wakandarasi taja tu mgao wa tenda kwa wanawake na jamii za wachache. Mmoja atakwambia hela ya umma ni kodi ya wote kwa hiyo na kazi iwafikie wote, mwingine atakwambia tenda siyo sadaka, anayeiweza kazi kwa bei nzuri apewe basi. Mimi naona wote wana hoja, ila wanabishania asilimia wakati kinachomuua mfanyabiashara mdogo kiko kwingine kabisa.

Tuanze na Marekani maana huko ndo haya mambo yamepelekwa mahakamani mara nyingi kweli. Maynard Jackson alipochaguliwa meya wa Atlanta 1973, mweusi wa kwanza kukalia kile kiti, kampuni za weusi zilikuwa zinapata chini ya asilimia 1 ya tenda za jiji, na hilo ni jiji ambalo weusi walikuwa zaidi ya nusu ya wakazi! Likaja suala la jengo jipya la abiria pale uwanja wa ndege, jamaa akasema asilimia 25 ya kazi iende kwa kampuni za wachache, la sivyo bora majani yaote kwenye njia za kurukia ndege. Wakubwa wa biashara wakapiga kelele wee, jengo likafunguliwa 1980 na ndege zikaruka kama kawaida. Watetezi wa mgao wana haki ya kuutaja huo uwanja kila siku.

Sasa nenda Richmond, Virginia. Nusu ya wakazi weusi, lakini tenda kuu za jiji zilizoenda kwa kampuni za wachache ni asilimia 0.67 tu. Mwaka 1983 halmashauri ikaamua kila anayeshinda tenda ya ujenzi awape wachache asilimia 30 ya kazi. Kampuni ya Croson ikakwama hapo kwenye tenda ya kufunga vyoo vya chuma jela ya jiji (ndiyo, kesi kubwa vile ilianzia chooni), na 1989 Mahakama ya Juu ikaufuta mpango mzima kwa kura 6 kwa 3. Jiji lilileta takwimu za wakazi lakini halikuonyesha nani alimbagua nani kwenye tenda zipi, afu kwenye orodha ya wanaostahili wakaweka mpaka Waeskimo na Waaleuti, wenyeji wa asili wa Alaska kule kaskazini, watu ambao pengine Richmond haijawahi kuwa na hata mmoja wao. Kuhusu orodha hiyo mimi niko na mahakama, hiyo ilikuwa kazi ya uvivu.

Ila kwenye takwimu sikubaliani nao moja kwa moja. Ni kweli huwezi kumpa mtu tenda ya mabomba kama hana kampuni ya mabomba, lakini kwa nini hana? Mpaka 1988 kuna majimbo ya Marekani mwanamke akitaka mkopo wa biashara ilibidi ndugu wa kiume asaini naye. Unamfungia mlango wa benki miaka yote hiyo afu unahesabu kampuni za wanawake unasema mbona chache, hawapo sokoni! Hata lengo la serikali kuu kuwapa wanawake asilimia 5 ya tenda liliwekwa kisheria 1994 na likafikiwa mara ya kwanza mwaka wa fedha 2015, yaani lengo dogo hivyo limechukua zaidi ya miaka 20.

Upande wa bei nako kuna namba ambayo watetezi wengi wanairuka. California ilipiga marufuku upendeleo kwenye tenda za jimbo kwa kura ya 1996, lakini barabara zenye hela ya serikali kuu zikaendelea na malengo yake, kwa hiyo mchumi Justin Marion akapata nafasi ya kuzilinganisha. Akakuta bei za barabara za hela ya jimbo zilishuka kama asilimia 5.6. Kwenye bajeti ya barabara hiyo siyo hela ya chai. Anayeutaka mgao aseme wazi tu kwamba una gharama na anaona inafaa kulipwa, kuliko kujifanya ni bure.

Na kuna ujanja. Pennsylvania kampuni moja ya mihimili ya madaraja ilitumia kampuni ya mtu wa jamii ya wachache kama pazia kwa zaidi ya miaka 15, mikataba ya zaidi ya dola milioni 130, walikuwa hadi wanabandika nembo ya sumaku ya ile kampuni nyingine juu ya nembo yao kwenye magari. Mwenye jina akapata kamisheni ndogo, kazi na faida zikabaki palepale.

Kwa mtu mdogo wa kweli kikwazo cha kwanza ni dhamana. Tangu 1935 sheria ya Marekani inataka mkandarasi wa miradi mikubwa ya serikali kuu aweke dhamana ya utekelezaji, yaani kampuni nyingine iahidi kubeba hasara akishindwa kumaliza kazi, na anayetoa dhamana anaangalia kazi ulizowahi kufanya, ambazo huna kwa sababu hujapewa. Halafu ukiwa chini ya mkandarasi mkuu unalipwa akishalipwa yeye, na wafanyakazi wako wanataka mshahara wiki hii. Angalia Kenya, sheria ya ununuzi ya 2015 inawatengea wanawake, vijana na watu wenye ulemavu asilimia 30, sawa na ile ya Richmond, lakini madeni ya serikali kwa wakandarasi ni wimbo wa kila bajeti. Mama anakopa, anapeleka mzigo, anasubiri malipo mwaka mzima, riba inammaliza. Huyo tenda ndo imemfilisi.

Ningekuwa naandika sheria ningeanza na kukata tenda kubwa vipande vidogo na kulipa ndani ya siku 30, mgao ungefuata baadaye na ukaguzi mkali. Marekani wenyewe wameelekea njia nyingine, Oktoba 2025 Wizara ya Uchukuzi iliondoa ile kanuni ya kuchukulia kwamba mwanamke au mtu wa jamii za wachache tayari amebanwa na mfumo, sasa kila mwenye kampuni ajieleze na kuthibitisha mwenyewe. Kisheria unaweza kuitetea. Ila kuandaa hayo makaratasi kunataka wakili na mhasibu, na mwenye hela ya hao wawili siyo yule tuliyekuwa tunamzungumzia.