Kiti cha plastiki chenye jina la mtu

Kuna duka la vitu vya mtumba hapa London linauza kiti cha plastiki cha rangi ya mkaa, miguu ya bomba, kwa hela ambayo Keko, kwa mafundi samani wa Dar es Salaam, unaondoka na kochi. Nikamuuliza muuzaji kulikoni. Akanitazama kama nimeuliza Nyerere ni nani: "Hicho ni cha Robin Day!"

Nilikasirika, kisha nikaenda kusoma. Kumbe Day ni mbunifu wa samani Mwingereza, alizaliwa 1915 High Wycombe, mji wa mafundi viti. Mwaka 1948, yeye na Clive Latimer walishinda shindano la samani za bei nafuu la jumba la makumbusho la MoMA, New York. Kampuni ya samani ya Hille ikamchukua. Mwaka 1963 akatoa kiti cha polipropilini, aina ya plastiki: ganda moja linalotoka kwenye kalibu likiwa zima, miguu inafungwa kwa chini, vinapangwa kimoja juu ya kingine. Vikajaa mashuleni, hospitalini, hadi uwanja wa Olimpiki wa Mexico 1968. Vimeuzwa mamilioni. Mwaka 2009 posta ya Uingereza ikakitoa kwenye stempu, mzee akiwa bado hai.

Stempu! Kwa kiti cha plastiki!

Najua mtasema nimeanza kuringa, kupanda ndege tu tayari najifanya mzungu. Sikilizeni. Viti vyetu vimefanya kazi kuliko hivyo: msibani, kwenye kitchen party, kijiweni, bafuni kumwogeshea mgonjwa. Kikipasuka tunakishona kwa waya na kinarudi kazini. Huyo aliyegundua kushona plastiki ni mbunifu kweli kweli. Nani anamjua? Jina pekee kwenye viti vyetu ni la kikundi cha kufa na kuzikana, limeandikwa kwa rangi nyuma ya mgongo ili visiibwe. Jina la mwenye mali. La aliyebuni, hakuna.

Mtanijibu: "Fundi anataka hela, siyo jina." Haya, na bei ya pale dukani imetoka wapi? Mle hamna mninga wala ngozi, ni ndugu wa plastiki ya ndoo. Kinachouzwa ni jina. Fundi aliyenitengenezea kabati Keko alibuni mlango wa kukunja ambao sijauona kwingine. Haukupita muda, majirani zake walikuwa nao barabarani, na aliyelazimika kushusha bei ni yeye aliyeubuni.