Hasidi Hana Sababu

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kujaribu redio mbili za gigahezi 60, za kurushiana mtandao hewani, juu ya mapaa ya Kariakoo, moja kwangu, nyingine ng'ambo, mita kama 300. Ndani ya kila redio mna vijiantena vingi vinavyosaidiana kuisukuma nguvu yote upande mmoja, ikawa mwali mwembamba. Wimbi lenyewe lina milimita 5, halifikii punje ya mchele. Na kama mwali wa unyago, halipendi kupita mbele za watu.

Saa moja asubuhi mambo swafi. Saa nne, kimya.

Nikaizima, nikaiwasha. Nikabadili waya. Nikalegeza nati, nikaigeuza kushoto kidogo, kulia kidogo, jasho linadondokea kioo cha simu. Mwenzangu wa ng'ambo: "Kaka, tatizo liko kwako." "Kwangu? Liko kwako!" Tukabishana mpaka nikamkatia simu. Saa sita kasoro, nimekaa tu na spana mkononi, mtandao ukarudi wenyewe. Nikampigia bosi: "Nimeshatengeneza, mkuu. Antena ilikuwa imekaa upande." Mungu anisamehe.

Bosi akafurahi, akaja saa tisa na mteja. Nafungua laptopu: sifuri. Mteja akaegemea ukuta, akatazama ng'ambo, akauliza taratibu, "Na ile khanga je?"

Kwenye paa la katikati, kamba ya nguo imeinuliwa kwa mti mrefu, na juu yake khanga inachuruzika maji, maandishi yametuelekea: HASIDI HANA SABABU. Khanga kavu, mwali ule huipita bila shida. Ikilowa ni ukuta, maji yanayameza mawimbi. Ya asubuhi ilikuwa imekauka. Hii ni awamu ya pili.

Bosi akanigeukia. "Antena ilikuwa imekaa upande, eeh?"

Nikashuka ghorofa saba, nikavuka barabara, nikapanda nyingine nne.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Nikamweleza habari za mawimbi, vijiantena na kamba yake. Akanitazama, akaitazama spana.

"Yaani mitambo yote ile inazuiwa na khanga yangu?"

"Ikiwa mbichi tu, mama."

"Basi subirini ikauke. Kesho nafua mashuka."