Kabla ya kukitazama kinu, itazame kamba

Picha ya mchoraji Mwingereza John Constable iitwayo "Flatford Mill", iliyoonyeshwa Royal Academy, taasisi ya sanaa ya London, mwaka 1817, hutupiwa lawama isiyopuuzika. Kinu hicho cha maji kwenye Mto Stour kilikuwa cha baba yake, mfanyabiashara wa ngano. Sheria ya 1815 iliifungia mlango ngano ya nje hadi bei ya ile ya ndani ifike shilingi 80 kwa kwota, kipimo cha nafaka cha wakati ule. Mwaka 1816 vibarua wa mashamba ya mashariki mwa Uingereza wakaandamana kudai mkate, na wengine wakanyongwa. Mwaka huohuo mtoto wa tajiri anachora miti, mawingu na maji yaliyotulia. Njaa haimo.

Hilo ni kweli. Ila wanaolisema huongeza kwamba picha ni ndoto ya shamba lisilo na jasho, na hapo sikubaliani nao hata kidogo.

Kinu chenyewe kiko mbali, kuta nyekundu tu nyuma ya lango la maji. Mbele kabisa kuna vijana wawili na farasi. Mmoja amekaa mgongoni mwa farasi, mwenzake ameinama anahangaika na kamba. Kwa nini kamba? Kwa sababu tishari limefika darajani, na farasi hawezi kulikokota likapita chini yake. Sharti kamba ifunguliwe, watu washike pondo, walisukume wenyewe. Ni shughuli ya dakika chache, ya kila safari, na mpita njia asingeiona kuwa kitu cha kuchorwa. Constable aliijua tangu utotoni. Baba alitaka arithi biashara, naye alifanya kazi ya kusaga takriban mwaka mzima kabla ya kukimbilia brashi. Mdogo wake Abram ndiye aliyekuja kuishika.

Mwaka 1821 Constable alimwandikia rafiki yake John Fisher kwamba anapenda mlio wa maji yanayoponyoka kwenye mabwawa ya vinu, mbao kuukuu zilizooza, nguzo zenye utelezi. Mtu anayetaka kukiremba kijiji hachagui mbao zilizooza.

Nakubali, nyuso za vijana wale hazituambii kama wameshiba. Lakini tazama Constable alipoweka sahihi yake: chini, kwenye udongo wa njia ileile anayokanyaga farasi, kana kwamba mtoto ameichora kwa kijiti akisubiri kamba ifunguke.