Balaa la Mwisho katika Stellaris: Linampa Mchezaji Nini, na Linamnyang'anya Nini

Gemu za mikakati ya anga za juu zina udhaifu mmoja wa tangu zamani. Mchezaji huanza na sayari moja na manowari chache, huhangaika kwa saa nyingi kutafuta madini na kuwabembeleza majirani wasiomtaka, kisha hufika mahali ambapo hakuna tena wa kumtisha. Ushindi bado haujatangazwa, lakini mambo yamekwisha. Kwenye bao, mtu akiishiwa kete za safu ya mbele mchezo umemalizika na mnapanga upya. Kwenye gemu hizi hakuna kikomo cha namna hiyo: dola ambayo imeshawazidi wenzake wote nguvu hulazimika kuendelea kujenga na kuteka kwa miaka mingi ya mchezo, na wachezaji wengi huachia njiani.

Watunzi wamejaribu dawa mbalimbali. Master of Orion ya mwaka 1993 iliweka baraza la dola zote ambamo aliyepata theluthi mbili za kura alitangazwa mshindi, na hivyo mchezo uliweza kumalizika mapema bila kungoja kila adui afutwe. Toleo lake la pili, la mwaka 1996, lilileta Waantara, adui wa nje aliyevamia dola mara kwa mara. Total War: Shogun 2 ya mwaka 2011 ilifuata njia nyingine kabisa, ambapo mchezaji akishavuma kupita kiasi, koo karibu zote za Japani humgeuka kwa pamoja. Stellaris, ambayo Paradox Interactive ya Sweden iliitoa Mei 2016, ilichagua adui wa nje kama Waantara, ila ikamkuza hadi akawa tishio la galaksi nzima. Kwa mipangilio ya kawaida mchezo huanza mwaka 2200, awamu ya mwisho hufunguliwa mwaka 2400, na mshindi hutangazwa mwaka 2500. Ndani ya karne hiyo ya mwisho ndipo adui huyo, yaani balaa, huingia.

Mimi naliunga mkono balaa hili kwa sababu moja: linapopangwa vizuri, linamlazimisha mchezaji kuchagua cha kupoteza. Saa zote zilizotangulia amekuwa akichagua cha kupata, iwe ni sayari, teknolojia au mkataba, na kosa lake kubwa limekuwa kupata polepole kuliko jirani. Balaa ndilo linalomuuliza kwa mara ya kwanza ni watu gani yuko tayari kuwaacha.

Sura za balaa lenyewe ni kadhaa. Prethoryn ni viumbe hai kutoka nje ya galaksi; dalili zao hunaswa muda mrefu kabla hawajafika, kisha hutua ukingoni na kuanza kumeza sayari moja baada ya nyingine. Unbidden hupenya kutoka ulimwengu mwingine kupitia lango, na lango hilo haliguswi hadi nanga zake zilizotapakaa zivunjwe zote. Contingency ni mashine za kale zilizotegwa zije kuangamiza viumbe wenye akili. Huzinduka katika vituo vinne vilivyo mbalimbali, huku zikirusha mawimbi yanayovuruga roboti na dola za mashine. Mwaka 2024 nyongeza iitwayo The Machine Age ilimleta Cetana, malkia wa mashine.

Tuwaangalie Prethoryn kwa karibu. Manowari zao hazina ngao za nishati. Zina deraya nene na miili migumu, na hupigana kwa makombora na kwa makundi ya vyombo vidogo vinavyorushwa kutoka kwenye meli kubwa. Sasa chukua mchezaji ambaye kwa miaka hamsini alikuwa akipambana na jirani aliyetegemea ngao, na kwa hiyo akaunda kikosi chake chote kwa mizinga ya risasi nzito inayobomoa ngao vizuri lakini huishia kugonga tu kwenye deraya. Anachohitaji sasa ni leza au plasma, pamoja na mizinga midogo ya kudungua makombora. Kubadilisha silaha kunataka aloi, yaani metali ya kuundia manowari, na kunataka muda: manowari lazima zirudi kwenye kituo chenye karakana, zikae humo kwa miezi zikifumuliwa na kuundwa upya, na wakati huo mpaka umebaki wazi. Akizirudisha, koloni la wakulima lililo ng'ambo ya mlango wa mpaka litamezwa. Asipozirudisha, kikosi kitakwenda vitani kikiwa na silaha isiyofaa, na pengine hakitarudi.

Uamuzi huo unakuwa mzito zaidi kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba tangu toleo la 2.0 la mwaka 2018 manowari kwa kawaida hupita katika njia maalumu zinazounganisha nyota na nyota, hivyo ramani ina milango, na mchezaji anaona wazi ni nyota ipi akiishika atawalinda wote walio nyuma yake na ni zipi zitabaki nje. Ya pili ni kwamba sayari iliyomezwa na Prethoryn haikombolewi kwa kushusha askari. Hupigwa mabomu kutoka angani hadi uvamizi uishe, na kinachobaki ni sayari kame isiyo na mtu. Kwa maneno mengine, aliyeamua kuliacha koloni lake hawezi kujifariji kwamba atawarudia wakazi baadaye. Sijui gemu nyingine ya aina hii inayomfanya mchezaji aliyekwisha kuwa mkubwa ahisi kwa uhakika kiasi hicho kwamba ukubwa una gharama.

Wanaolipinga balaa wana hoja nzito, na sitaki kuzipita juu juu. Hoja ya kwanza ni ya vipimo. Kabla ya kuanza, mchezaji hupanga nguvu ya balaa kuanzia robo ya kawaida hadi mara 25. Kwenye kipimo cha mara moja, mchezaji mzoefu humaliza vita kabla jirani zake hawajajua kilichotokea. Hakuna alichochagua, hakuna alichopoteza, na balaa limekuwa kituo kingine cha kubofya. Kwenye mara 25 hali hugeuka. Hapo mchezaji lazima aanze kujiandaa karibu tangu mwaka 2200, kila uamuzi wa uchumi uelekee kwenye aloi na manowari, na tabia alizoichagulia dola yake, ziwe za dini au za biashara, zigeuke kuwa mapambo. Balaa lililokusudiwa kuitingisha karne ya mwisho huzitawala karne mbili zilizotangulia. Naikubali hoja hii kwa sehemu kubwa. Nguvu ya adui inapokuwa namba moja iliyofungwa kabla ya mchezo kuanza, ni vigumu imkute mchezaji pale hasa alipo. Ama itakuwa chini mno au juu mno.

Hoja ya pili inahusu kujua. Mara ya kwanza Prethoryn wanapotua, hofu ni ya kweli. Mara ya nne, mchezaji anajua kwa moyo kwamba hawa hawana ngao na kwamba Unbidden wana ngao nzito lakini hawana deraya, na kwa hiyo huweka kando michoro miwili ya manowari na kungoja aone ni nani atakayebisha hodi. Waungaji mkono hujibu kwamba mtu hajui balaa litatokea upande gani wa ramani wala mwaka gani. Ni kweli, lakini bahati hiyo nayo ina ubaya wake. Likitua mlangoni kwa mchezaji, linaweza kumla kabla hajapata nafasi ya kuamua lolote. Likitua upande wa pili wa galaksi, huwatafuna majirani kwa miongo, naye hutazama akiwa amekaa.

Majirani hao ndio tatizo ninaloliona kubwa kuliko yote. Dola zinazoendeshwa na kompyuta hupeleka vikosi vyao vipande vipande dhidi ya adui ambaye hata zikiungana zote zingemweza kwa shida, na vipande hivyo huteketea kimoja baada ya kingine. Mchezaji hubaki peke yake. Simulizi inazungumzia viumbe wote waliokusanyika dhidi ya maangamizi, ilhali skrini inaonyesha dola moja ikipigana na mizoga ya washirika wake ikielea nyuma.

Kuna pia suala la kompyuta ya mchezaji, ambalo wenye kompyuta za bei kubwa hulipuuza. Miaka ya mwisho ndiyo yenye wakazi wengi na vikosi vingi vya kukokotolewa, na kwenye kompyuta mpakato ya kawaida siku za mchezo huanza kujikokota hadi raha yote inaisha. Toleo la 4.0 la Mei 2025 lilibadili namna wakazi wanavyohesabiwa, kupunguza mzigo huo kukiwa miongoni mwa malengo yake. Kwa mchezaji wa namna hii, kuacha kabla ya mwaka 2400 si uvivu.

Hata hivyo, Paradox waliongeza kitu ambacho kwangu ndicho utetezi bora wa wazo zima. Nyongeza iitwayo Nemesis, ya Aprili 2021, iliipa Jumuiya ya Galaksi, baraza ambamo dola hupiga kura, uwezo wa kumchagua mlezi: dola moja inayokabidhiwa madaraka juu ya nyingine, pamoja na jeshi la pamoja, ili ikabiliane na tishio. Madaraka hayo yana muhula, lakini aliyeyashika anaweza kutafuta kura za kuyaongeza, na hatimaye kujitangaza kuwa himaya inayowatawala wote. Hapa cha kupoteza kimehama kutoka kwenye sayari na kuingia kwenye uhuru. Dola ndogo inayompigia kura jirani mwenye nguvu inajua kwamba huenda asiuachie ulezi vita vikiisha, na inampigia hivyo hivyo kwa sababu Prethoryn wako umbali wa nyota tatu. Mchezaji aliye upande huo hukumbana na uamuzi mgumu bila kurusha kombora hata moja, wala ubora wa leza yake haumsaidii.

Nyongeza hiyohiyo inamruhusu mchezaji awe balaa mwenyewe, akimeza nyota kwa meli maalumu hadi ajenge mtambo unaoangamiza galaksi. Wapo wanaoona huo ni upotofu wa wazo. Mimi naona una nafasi yake pale wanapocheza watu kwa watu, kwa sababu adui anayefikiri hapigwi kwa mchoro wa manowari uliowekwa kando tangu jana. Mchezaji aliyegeuka balaa anapokuwa dhidi ya kompyuta tu, udhaifu ule ule wa majirani humrahisishia kazi.

Kwa jinsi mambo yalivyo sasa, naona mpangilio unaofaa ni kulileta balaa mapema, kwa kuifungua awamu ya mwisho mathalani mwaka 2350 badala ya 2400, na kulipa nguvu ya mara mbili au tatu. Likija mapema humkuta mchezaji bado ana jirani wa kumhofia, kompyuta bado haijalemewa, na kura katika Jumuiya ya Galaksi bado hazijamilikiwa na mtu mmoja. Kinachobaki hakiko mikononi mwa mchezaji: watunzi wazifundishe dola za kompyuta kukusanya vikosi vyao mahali pamoja kabla ya kusonga, na kurudi nyuma vinapozidiwa, kwa kuwa mlezi aliyechaguliwa kwa kura hana wa kumwongoza ikiwa waliomchagua wameshateketea.