Mnyama wa Mita Arobaini

Roboti ya majini iliyosawazishwa kwenye maji ya chumvi, ukiishusha ziwani inazama. Hilo nalijua vizuri, maana kushusha roboti Bahari ya Kaskazini kukagua mabomba ndiyo kazi inayoniletea ugali mezani. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa kilo 1,025 hivi, ya ziwa kilo 1,000. Kwa hiyo kiroboti changu, ambacho mwili wake unachukua nafasi ya lita 12 za maji, kikihamia ziwani kinakuwa kizito kwa gramu 300. Dawa yake ni kufungua vipande vitatu vya risasi tumboni, gramu mia mia, basi. Dakika tano na bisibisi moja.

Bisibisi niliisahau Aberdeen.

Nilikumbuka tukiwa tayari katikati ya Loch Ness, lile ziwa la Uskoti linalosemekana kuwa na dude, mimi, mzee mmoja wa Kiskoti mwenye boti tuliyoikodi kwa saa, na shemeji yangu aliyekuja kututembelea kutoka Mwanza. Shemeji alikataa kupelekwa kwenye ngome na maduka. Alitaka dude la ziwani. Hadithi za Lukwata wa Ziwa Viktoria alizisikia tangu utotoni, kwa wavuvi waliotoka upande wa Uganda, na sasa alitaka kumwona binamu yake wa Ulaya, tena kwa kifaa.

"Ziwa lenyewe ndiyo hili?" aliuliza, akitazama ng'ambo. Nikamwambia asilidharau. Urefu ni kilomita kama 36, upana kilomita moja na nusu tu sehemu nyingi, kweli, lakini kina kinafika mita 230, na Viktoria yake yote haizidi mita 80 na kitu. Ni ufa wa ardhi uliojaa maji. Kingo zinashuka wima kama ukuta.

"Na waliotangulia walipata nini?"

Hapo nikaanza na mwaka 1933, gazeti moja la London lilipomtuma mwindaji kutafuta nyayo. Akazipata. Plasta ikapelekwa makumbusho, wataalamu wakapima, jibu likaja: huu ni mguu wa kiboko, tena mguu mmoja uleule, uliokaushwa, wa aina ya mapambo waliyokuwa wakiwekea miamvuli.

Shemeji alicheka mpaka boti ikayumba. "Kiboko! Si wangetupigia simu Mwanza?"

Maji ya Loch Ness yana rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mboji ya milimani ndiyo inayoyatia rangi hiyo. Ukishuka mita kumi ni giza, na ukiwasha taa za roboti unaona kile anachokiona dereva aliyewasha taa kubwa kwenye ukungu: taa inakurudia mwenyewe usoni. Kamera hapo inaona mita mbili, tatu ukibahatika. Kwa hiyo macho unayaweka pembeni, unatumia masikio, yaani sona. Inapiga mlio, inasubiri mwangwi, inapiga hesabu ya umbali kutokana na muda.

Na hesabu hiyo ndiyo inayowaaibisha wengi. Mashine nyingi zinatoka kiwandani zimewekewa kasi ya sauti ya baharini, mita 1,500 kwa sekunde. Kwenye maji matamu ya nyuzijoto 6, na huko chini Loch Ness hayapandi sana juu ya hapo hata Agosti, sauti inakwenda kama mita 1,430 tu. Tofauti ni asilimia tano. Tulipopita mbele ya magofu ya ngome ya Urquhart mashine ikatangaza mita 241. Shemeji akaruka, tumegundua shimo jipya! Nikabadilisha namba kwenye menyu, shimo likajifukia lenyewe, mita 230.

"Umeliharibu," akasema, kwa masikitiko ya kweli.

Saa nne na nusu hivi akatokea.

Alikuwa doa nene, jekundu kwenye kioo, na jekundu kwenye sona maana yake mwangwi mkali. Mwangwi mkali majini hautoki kwenye nyama, unatoka kwenye hewa. Samaki mwenyewe huonekana kwa sababu ya kile kifuko chake cha hewa tumboni. Minofu sona inaipita kama haioni. Doa hili lilikuwa na hewa kuliko samaki yeyote niliyewahi kumwona. Kina, mita 40. Tukasimamisha boti, likabaki mita 40. Tukatambaa polepole, likafifia kidogo, bado mita 40. Tukaongeza mwendo, likapotea. Tukasimama, likarudi, taratibu, likakaa chini yetu palepale. Mita 40.

"Anatufuata," shemeji akanong'ona.

Mimi nikafanya kazi yangu. Je, ni mwangwi uliogonga ukuta wa pembeni ukarudi kwa njia ndefu? Hapana, huo ungebadilika kina tukisogea. Ni mkondo wa boti nyingine? Viputo vya pangaboi vinabaki majini dakika nyingi na vimeshawapa watu mnyama mara nyingi, lakini vinakaa karibu na juu, na havifuati mtu. Ni mpaka wa maji ya uvuguvugu ya juu na ya baridi ya chini? Huo kiangazi unakuwa maeneo ya mita 30 hadi 40, na upepo ukivuma unapanda na kushuka kama mgongo wa kitu kikubwa. Lakini mpaka huonekana kama mstari mrefu. Huyu alikuwa kibonge.

Sasa nikiri jambo ambalo lilipaswa kunishtua. Sona ya namna ile haipimi kina, inapima umbali kutoka kwenye kile kidude chake chini ya boti, upande wowote ndani ya koni yake. Kitu kinachokaa umbali uleule kutoka kwenye tezi, yaani nyuma ya boti yako, ukienda, ukisimama, bila kukosea hata mita moja, ama ni mnyama anayetembea na rula, ama kimefungwa. Kwenye mafunzo hili ninalifundisha mimi. Siku hiyo nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitavaa nini kwenye televisheni.

Mzee mwenye boti alikuwa anavuta kiko chake, kimya. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa anajua kila kitu tangu mwanzo. Lakini analipwa kwa saa.

Tukaandaa roboti. Kabla ya kuishusha unafungua mfuniko wa betri, unatoa oringi, ile pete ya mpira inayozuia maji, unaipitisha kati ya vidole kuisikiliza, unaipaka grisi nyembamba, inayong'aa tu, isiyorundikana. Niliupata unywele mmoja umelala kwenye oringi. Unywele mmoja unatosha. Kwa mita 40 mgandamizo ni mara tano ya ule wa juu, na maji yatapita kwenye hiyo njia ya unywele mpaka kwenye betri. Mimi nina kipara. Nikamtazama shemeji na ndevu zake, tukaendelea. Nikafunga, nikavuta hewa kwa pampu ya mkono, nikasubiri dakika 15 kuona kama mshale unarudi. Haukurudi. Hata hivyo zile gramu 300 za ziada zilikuwa palepale, na bila bisibisi risasi haitoki.

"Unataka kitu cha kuielesha?" shemeji akauliza, akavua ndala.

Ndala nyeusi za povu, namba 43, alizokuwa amezivaa na soksi kwa sababu ya baridi. Nikazipima kwa macho, nikazifunga moja kila upande kwa vikamba vya plastiki, nikaitumbukiza roboti. Ikakaa sawasawa. Haikuzama, haikupanda. Sijawahi kusawazisha roboti vizuri vile kwa vifaa rasmi. Shemeji, soksi zimelowa, alijisikia mhandisi.

Nikampa hadithi ya yule mnyama wa filamu. Mwaka 1969 walikuja kupiga filamu ya Sherlock Holmes humu, wakatengeneza Nessie, ndilo jina la dude la humu, wa urefu wa mita tisa, mwenye shingo na nundu mbili. Mwongozaji hakuzipenda nundu, zikatolewa. Kumbe nundu ndizo zilizokuwa zinamwelesha. Wakaanza kumvuta kwa boti, akazama jumla. Alikaa chini huko mpaka mwaka 2016 roboti ya Kinorwe ilipokuja kupima ziwa kwa sona ikaona umbo lenye shingo limelala chini. Ndiyo mnyama pekee wa Loch Ness aliyewahi kuthibitishwa.

Nilisimulia hayo yote, nikacheka, na sikuona kwamba nilikuwa naisimulia roboti yangu. Povu laini ni vipovu vya hewa. Mita kumi, mgandamizo mara mbili, povu linasinyaa. Mita 20, nikaona kidole changu kimeshabonyeza kitufe cha kupanda bila kuamua. Mita 35, ndala ya kulia iliyokuwa pembeni mwa picha imekuwa nyembamba kama chapati ya juzi. Kwa kazi hii kuna povu gumu linalotengenezwa kwa vipira vidogo vya kioo ndani ya gundi, ambalo halisinyai, na linauzwa ghali kwa sababu hiyohiyo. Roboti ikawa inazama, na mimi nasukuma injini ya wima kwa nguvu zote ili tu isimame.

Mita 39. Rangi ya chai, vumbi linapita kwenye taa. Halafu magamba. Shemeji alinishika bega kwa nguvu. Magamba ya fedha, yamepangana, yanameremeta, na juu yake mistari myekundu iliyokatizana kama mishipa. Roboti ikasogea. Gamba moja likageuka kwenye mwanga, nikaona lina maandishi. Nikasoma kwa sauti, kwa sababu akili ilikuwa imekataa kusoma kimyakimya.

Mnyama alikuwa ameandikwa "bila sukari".

Kukawa na ukimya wa aina yake.

"Shemeji," nikasema.

"Shem, wewe mwenyewe ulisema chini maji ni nyuzi sita!"

Alikuwa amechukua mfuko mwekundu wa neti ya vitunguu, akaujaza makopo 24 ya soda, akaufunga kwenye kamba ya mzee na kuushusha kupitia tezi wakati mimi bado nimeinamia menyu ya sona. Kamba ya mita 40, aliyoitoa yote ili ivuke maji ya uvuguvugu. Mwanzoni mfuko ulikataa kuzama vizuri, akaongeza jiwe. Hapo fizikia ilikuwa upande wake: kopo la soda ya kawaida huzama kwa uzito wa sukari, lile lisilo na sukari huelea, na yeye alinunua nusu kwa nusu kwa ajili ya presha ya dada yake. Kila kopo lina hewa kidogo juu. Makopo 24 mahali pamoja ni kifuko cha hewa cha samaki mkubwa.

Nikasema tugeuze. Lakini injini ya wima ikisukuma roboti juu, inanyonya maji kutoka juu kuyapeleka chini, na kilichokuwa juu yetu sasa, boti ikiwa imesogezwa na upepo, ni kamba. Picha ikatikisika, ukasikika mlio wa kusaga kwenye waya, mashine ikaandika kwamba injini imezidiwa na umeme, kisha ikaizima. Kamba imejizungusha kwenye pangaboi. Mizunguko sita, tuliihesabu baadaye.

Kunasa kamba Loch Ness si aibu, nilijifariji. Mwaka 2025 roboti kubwa ya watafiti iliyokuwa inajaribiwa humu ilinasa nanga ya kamera iliyotegwa mwaka 1970 kumsubiri mnyama. Ikapanda nayo kutoka mita kama 180, filamu ikasafishwa, picha zikatoka. Za giza la ziwa, lakini zilitoka. Na mwaka 2023, watu waliokuja kwa msako mkubwa walisikia milio minne ya ajabu kwenye maikrofoni ya majini, wakakimbilia kinasa sauti, wakakuta hakijachomekwa.

Tukavuta kwa mikono. Sheria ni kuvuta kamba na waya wa roboti kwa pamoja, mwendo mmoja, asije mmoja akabeba mzigo wote. Waya una nyuzi imara ndani, lakini kiunganishi chake hakina. Mzee akaweka kiko chini, akavuta nasi nusu saa. Ikatoka roboti, ikatoka neti, makopo yamebonyea mbavuni, yamejaa jasho la baridi. Shemeji akafungua moja palepale. "Lakini baridi imekubali," akasema.

Ndala ilikuwa moja.

Ya pili nikaielewa haraka: iliposinyaa, kikamba cha plastiki kililegea, ikachomoka. Na ndala iliyochomoka kwa mita 39 bado ina hewa ya kutosha kupanda, na kadiri inavyopanda inafutuka.

Mzee akaelekeza kiko chake upande wa Urquhart. Kama mita mia tatu hivi, boti ya watalii ilikuwa imelala upande mmoja, kwa kuwa abiria wote walikuwa wamekimbilia upande huo. Simu zimeinuliwa. Mbele yao, kwenye maji meusi, kilikuwa kitu kidogo cheusi, mgongo bapa, na mbele shingo iliyopinda ikasimama. Mgandamizo ulikuwa umeikunja ncha ya ndala juu. Ile picha maarufu ya Aprili 1934 ilitengenezwa kwa nyambizi ya kuchezea iliyobandikwa kichwa na shingo, na siri yake ilikaa miaka 60. Ya kwetu ilitengenezwa na mita 39 za maji.

"Tuwaache," mzee akasema. Ndiyo neno lake la kwanza kwa saa nzima. "Wamelipa."

Lakini shemeji alikuwa ameshasimama mbele ya boti na soksi zake zilizolowa, ameshika kulabu. Kwa hiyo tukaenda. Tulipita katikati ya watu kama arobaini wanaorekodi, akainama, akamnasa mnyama shingoni, akamkung'uta maji, akamvaa.

Ilimbana.