Kompresheni ya jeti-ski Kisumu: msikilizeni fundi mwoga

Pale Dunga fundi mmoja aliniwekea pistoni kiganjani bila kusema neno. Uso wa pistoni hiyo ulikuwa na vitundu vidogo vidogo kama embe lililodonolewa na ndege, na ukingo wa upande wa moshi umelika. Ilitoka kwenye Yamaha SuperJet ya cc 701, ile ya kusimama. Mwenye chombo alikuwa amechongesha hedi, kile kifuniko cha silinda, ili kompresheni (mbano wa hewa na mafuta ndani ya silinda) ipande, akaendelea kutia petroli ya kituo. Fundi huyu wa Dunga alikuwa amekataa kuichonga, kazi ikapelekwa kwingine. Wenzake humwita mwoga.

Wanaopandisha kompresheni wana hoja, na si ndogo. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya bahari, na shinikizo la hewa limepungua kwa karibu asilimia 13. Hedi inayosoma psi 180 (psi ni kipimo cha shinikizo, na 180 ndicho kikomo kinachotajwa sana) ufukweni Nyali, Mombasa, huku itasoma kama 157. Kwa hiyo anayeona 150 kwenye geji akadhani amegota ukutani, kweli hajagota. Na jeti-ski ya kusimama inataka kuruka ikitoka mwendo mdogo; kompresheni ndiyo humpa dereva ule mshituko wa kwanza akibana aksileta.

Ila hiyo 180 inayotajwa sana imetoka wapi? Ni kanuni ya mafundi wa Marekani, kwa petroli yao ya oktani 93, namba inayoonyesha petroli inavyostahimili mbano bila kulipuka ovyo. Na 93 yao ni wastani wa vipimo viwili vya oktani, RON na MON. Kwa RON peke yake ni kama 98. Huku kwetu namba inayotajwa ni RON. Anayeona 93 ya kwao akadhani ni 93 ya RON amejikata oktani nne au tano bila kujua. Alichopewa na mwinuko kimechukuliwa na mafuta, na bado kila ninayezungumza naye anakumbuka mwinuko tu. Ule unaompendeza.

Halafu kuna gugumaji. Injini hii hupozwa kwa maji yanayosukumwa na pampu ile ile inayoisogeza mbele. Magugu yakiziba wavu wa chini, chombo kinakosa nguvu, dereva anabana aksileta zaidi ili kijinasue, na wakati huo huo maji ya kupoza yamepungua. Hedi inachemka. Mchanganyiko unaanza kulipuka ovyo badala ya kuungua kwa mpangilio. Kwenye gari ungesikia injini inanoki ukaachia. Juu ya jeti-ski, kwa kelele zile, husikii kitu. Tena haina gia za kupumzikia: muda wote iko kama lori linalopanda Timboroa. Habari utaipata siku ya kufungua hedi, kama nilivyoipata mimi kiganjani.

Ningekuwa na yangu, ningeishia psi 140 hadi 145 kwenye geji ya Kisumu, aksileta ikiwa wazi kabisa wakati wa kupima (wengi husahau, wakasoma uongo). Pesa iliyobaki ningeiweka kwenye ile nafasi nyembamba kati ya ukingo wa pistoni na hedi. Unaingiza waya wa risasi kupitia tundu la plagi, unazungusha krenki kwa mkono, unapima unene uliobaki kwa venia, kile kifaa cha kupimia milimita. Ikiwa milimita 1.2 hivi, nzuri. Ikiwa 2, mchanganyiko unabaki pembeni ukingoja kulipuka wenyewe, hata kama geji inasoma namba ya kiungwana. Kazi hii haionekani kwa nje, ndiyo maana hakuna anayejisifia nayo.

Na yule aliyechonga hadi 157 akidhani Kisumu imemfunika, Desemba atapakia jeti-ski kwenye trela ateremke nayo Mombasa. Hatagusa boliti hata moja. Akifika Nyali, geji itasoma 180, kwa petroli ile ile ya kituo.